Mtalii na Mwenye Shida

Tuwape heko wageni wanaoendesha baiskeli kwa raha zao kandokando ya Mto Nzoia. Mashujaa hao! Wana kofia ngumu, chupa ya maji na ramani. Wanatokwa jasho kutwa nzima, na sote tunakubaliana kuwa huo ni utalii. Mkazi wa Mayoni anayesukuma baiskeli ya Black Mamba yenye magunia mawili ya makaa hadi Mumias tusimchanganye nao. Huyo ana shida tu. Isitoshe, hana kaptula ya kubana.

Wahandisi wetu nao wasisahauliwe. Ukingoni mwa Danube, kutoka Passau hadi Vienna, waendesha baiskeli wametengewa njia yao, ndiyo maana wamezoea kuzubaa wakitazama bata. Kwetu, ambako wahandisi hao hawakujisumbua kutenga njia, trela la miwa likitokea, mtu hujirusha mtaroni mwenyewe bila kuelekezwa na kibao. Wepesi huo haufundishwi Ulaya, na hapa unatolewa bure.

Halafu bodaboda yenyewe ilizaliwa Busia, juu ya baiskeli, ikivusha abiria mpakani. Heshima gani zaidi ya hiyo? Wenye baiskeli wameshaingia katika historia. Barabarani wanatafuta nini tena?