Kitinda Mimba Aliyejifanya Kifungua Mimba

Binti yangu wa kwanza anaitwa Zuhura. Watu hudhani nilimpa jina la sayari kwa kuwa napenda mambo ya nyota. Ukweli ni kwamba nilitaka aitwe Uhura. Mama yake alikataa katakata, akasema hawezi kubeba mimba miezi tisa halafu mtoto apewe jina lililokosewa herufi. Tukabishana siku tatu, tukaongeza Z, yakaisha.

Uhura, kwa asiyemjua, ni luteni wa mawasiliano katika Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga za juu iliyoanza kurushwa tarehe 8 Septemba 1966. Jina lake limechotwa kwenye neno letu "uhuru". Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark yenye jina hilo hilo. Tena usiku ule ule wa kwanza, kiumbe mmoja mnyonya chumvi za watu alijigeuza kijana mweusi mtanashati, akamsogelea Uhura na kumsemesha Kiswahili. Kiswahili chenyewe cha kuungaunga, lakini chetu. Niliiona sehemu hiyo nikiwa darasa la sita, kwenye deki ya mjomba wangu, kanda imejaa mikwaruzo. Mswahili wa kwanza wa anga za juu alikuwa jini mla chumvi, nami nilijivuna shule nzima kana kwamba ni binamu yangu.

Sasa elewa furaha yangu niliposikia kwamba mwaka 2001 imetoka Enterprise, tamthilia ya kueleza yaliyotokea kabla ya yote hayo. Hadithi inaanza mwaka 2151, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kapteni Kirk na Uhura wake. Ukihesabu na ile ya katuni, alikuwa mtoto wa sita katika ukoo huo, lakini ametakiwa asimame mbele kama mkubwa wa wote. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Kwetu nguo hushuka kutoka kwa kifungua mimba kwenda kwa kitinda mimba. Ukiona nguo inapanda, jua kuna mahali itabana.

Mpwa wangu aliyeko Marekani alinitumia DVD zote mwaka 2006. Wakati huo mama mkwe alikuwa kwetu, ametoka Tanga kuja kutibiwa magoti. Jumamosi moja baada ya chakula cha usiku nikaweka umeme wa kutosha, nikanunua korosho, nikapanga viti, nikamweka yeye kwenye kochi kubwa. Nikatoa na hotuba fupi kuhusu mustakabali wa binadamu. Watu wakanisikiliza kwa adabu.

Ikaanza. Star Trek nilizozijua hufunguliwa kwa muziki wa ala unaomfanya mtu akae wima. Hii ikafunguliwa na mtu anayeimba kwa kubembeleza, wimbo ambao kwanza ulikuwa wa filamu ya Patch Adams.

"Hii ni mikanda ya harusi?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia asubiri. Akaja Kapteni Archer, na mbwa wake Porthos.

"Na mbwa naye anasafiri?" mama mkwe akauliza.

"Anasafiri, Mama."

"Ndani ya chombo kisichofunguliwa madirisha?"

Sikuwa na jibu. Nikampitishia korosho.

Kumbe hayo yalikuwa vionjo tu, ngoma ilikuwa bado. Ndani ya sehemu hiyo hiyo ya kwanza, mhandisi Trip na T'Pol, yule mwanamke wa Vulcan ambaye kabila lake husifika kwa kutoonyesha hisia, wanaingia chumba cha kuondolea vijidudu. Taa ya bluu. Wamebaki na nguo za ndani. Wakaanza kupakana mafuta, taratibu, kama watu wasio na kazi nyingine mpaka kesho.

Nikarukia rimoti. Betri zake zilikuwa zimechoka, nimezikaza kwa kipande cha karatasi ya sigara. Nikabonyeza kupeleka mbele, kimya. Nikaipiga kiganjani mara mbili, nikabonyeza tena. Ikakubali, lakini ikakubali kitu kingine: picha ikaganda. Ikaganda hapo hapo, mkono uko mgongoni, mafuta yanang'aa.

Sebule nzima ikatulia. Feni peke yake ndiyo iliyokuwa na ujasiri wa kuendelea.

"Baba Zuhura," mama mkwe akaita polepole, "hawa wanafanya nini?"

"Wanatibiwa, Mama. Wamepata vijidudu."

Akaitazama ile picha, akayatazama magoti yake. "Mimi kule hospitali wamenipa vidonge tu."

Kuanzia usiku ule nilitazama peke yangu, nikinung'unika kama mzee wa baraza aliyesikia nasaba ya ukoo ikisimuliwa kinyume. Viumbe waitwao Ferengi, ambao walipaswa kukutana na binadamu miaka mia mbili baadaye, wameshaingia melini na kuiba. Maadui waitwao Romulan wana meli za kutoweka machoni, wakati Kirk, kwenye ile tamthilia ya 1966, alizishangaa kama kitu kipya duniani. Kuna Hoshi Sato, bingwa wa lugha za sayari zote. Nilimvizia aseme walau "hujambo" moja. Sikumsikia. Na kuna sehemu nzima kuhusu yule mbwa: amekojolea mti mtakatifu wa wenyeji, wenyeji wamekasirika, kapteni anakesha na mbwa mgonjwa huku akikataa kuomba radhi. Kijijini kwetu kesi hiyo huisha kabla ya adhuhuri: mbuzi mmoja, na mbwa afungwe kamba.

Sehemu ya mwisho, ya mwaka 2005, ndiyo iliyonimaliza. Ukitazama, kumbe unayemtazama ni Riker, ofisa wa tamthilia nyingine ya ukoo huo, naye anatazama mambo ya akina Archer kama mchezo. Ni sawa na kuchangia harusi, ukafika ukumbini ukakuta maharusi wa jirani ndio wamekaa mbele. Tena humo humo wakamuua Trip.

Nilipotoka chumbani nikitukana, nilimkuta mama mkwe sebuleni anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Kumbe kila nilipokwenda kazini, Zuhura alikuwa akimwekea. Amemaliza sehemu zote 98. Akaniuliza Trip amezikwa wapi, na yule mbwa amebaki na nani.

"Hakuna mwendelezo?"

"Upo, Mama," nikasema kwa fahari, nikaweka ile ya 1966.

Akatazama kuta zinazotikisika na vitufe vinavyofanana na peremende. Akatikisa kichwa. "Miaka mia tu, meli imechakaa hivi? Hawa wameliacha lile jahazi zuri la Archer, wakanunua hili?"

Hapo ndipo nilipoona kosa lilikuwa wapi. Mimi niliingia Enterprise nikiwa na madai mkononi, najua kila kitakachotokea, nikihakiki hesabu. Yeye aliingia mikono mitupu, akaondoka na Trip moyoni. Mafuta yale bado hayana udhuru, na wimbo ule siusamehi. Lakini hadithi ya kabla humfaa asiyejua ya baada.

Basi, msomaji, kama hujawahi kuona Star Trek yoyote, anza na Enterprise, utaipenda. Kama umeshaona nyingine, iache. Na kama mkwe wako yupo nyumbani, nunua betri mpya za rimoti kwanza.