Mwongozo wa Kutafuta Urubani kwenye Meza ya Peremende

Usinunue suti bado. Hakuna shirika la ndege linalomkabidhi mtu Boeing kwa sababu koti limemkaa vizuri mabegani, na nauli ya kutoka Kikambala hadi Mombasa, pamoja na foleni ya Mtwapa, ni gharama ya kutosha kwa siku moja. Mwongozo huu ni wako wewe kijana wa Kikambala, Vipingo, Takaungu au Kilifi mjini, uliyeona tangazo la maonyesho ya ajira lenye picha ya ndege ukahisi moyo unaruka kabla ya mwili. Unauliza: nikienda, nitaajiriwa kuwa rubani? Jibu ni hapana. Lakini nenda, mradi ujue unafuata nini.

Anza kwa kulisoma tangazo hadi chini, hata yale maandishi madogo. Mashirika ya Ghuba kama Emirates na Qatar Airways hufanya usaili wa wazi Nairobi, na watu hupata kazi kweli. Hao ni wahudumu wa ndani ya ndege. Mhudumu huingia ukumbini asubuhi na wasifu wake, hupimwa kama akinyoosha mkono unafika sentimita 212 (Emirates hutaka hivyo, maana vifaa vya dharura huwekwa juu ya vichwa vya abiria), huzungumza Kiingereza mbele ya wasaili, na akiwapendeza huanza hatua zinazofuata. Mengine yote shirika litamfundisha lenyewe kwa wiki kadhaa. Rubani anatakiwa aje ameshaiva. Kwa hiyo dada wa jirani aliyepata kazi Dubai kwa kwenda ukumbini alisema kweli tupu, ila njia yake na yako ni mbili.

Ukifika, ielewe meza. Aliyekaa nyuma yake mara nyingi ni mtu wa idara ya waajiriwa, ambaye hajawahi kushika usukani wa ndege. Mbele yake kuna kalamu, peremende na kitambaa chenye nembo. Chukua peremende, ni ya bure na safari ya kurudi ni ndefu. Ukimpa wasifu wako, atakwambia ukajaze maombi kwenye tovuti. Vijana wengi hutoka hapo wamenuna, wakiona wamepuuzwa. Msimnunie mama wa watu. Maombi ya marubani huchujwa kwa tarakimu: jumla ya saa za kuruka, saa za ndege ya injini mbili, saa za jeti, aina ya leseni, tarehe ya cheti cha afya. Programu inayochuja haina pa kuandika kwamba ulisalimia kwa heshima.

Hapo kwenye saa ndipo penye kiini. Kwa kanuni za Kenya, leseni ya rubani wa biashara hupewa mtu aliyetimiza miaka 18 na kuruka kama saa 200, au 150 akisoma kozi iliyounganishwa tangu mwanzo hadi mwisho. Leseni ya juu kabisa, inayomruhusu mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inataka saa 1,500 na umri wa miaka 21. Wazazi huuza shamba wamfikishe mtoto kwenye zile 200, wakidhani hapo ndipo penye mshahara. Kumbe hapo ndipo jangwa linapoanza. Kijana ana leseni mfukoni na deni nyumbani, na hakuna anayemtaka, kwa sababu anayeajiri anataka mtu ambaye tayari ameruka. Nimeona nyumba zikinyamaza kwa ajili ya jambo hilo, baba hasemi na mwana hasemi, na leseni imetiwa fremu ukutani.

Jangwa hilo halivukwi ukumbini. Linavukwa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwenye Cessna Caravan ya injini moja inayopeleka watalii Maasai Mara asubuhi na mizigo mahali pengine mchana. Linavukwa kwa kuwa mwalimu wa urubani, ukikaa kiti cha kulia siku nzima huku wanafunzi wakiitua ndege kwa vishindo. Kizazi kilichotangulia kililivukia Lokichoggio, mji mkavu wa Turkana uliojaa ndege za misaada baada ya Umoja wa Mataifa kuanzisha huduma ya kuwalisha watu wa kusini mwa Sudan mwaka 1989. Wengine wamelivuka wakibeba miraa kwenda Somalia, kazi ambayo mzigo wake ukichelewa hunyauka na hauna mnunuzi. Na kazi hiyo si ya kutegemewa daima: Somalia ilizuia ndege za miraa Machi 2020, na hazikurudi hadi Julai 2022.

Kazi za namna hii hazina meza wala peremende. Rubani mkuu wa kampuni ndogo humchukua yule aliyemwona kwa macho yake: akipakia mizigo, akifuta mafuta hangarini, akifika saa kumi na moja alfajiri bila kupigiwa simu. Basi sikiliza shauri langu, hata kama linakuvunja moyo. Ukiwa na leseni tayari na una nauli ya safari moja tu, panda basi la Nairobi uende Wilson ukagonge milango, na ukumbi wa Mombasa uwaachie wengine.

Jambo la pili ambalo meza haitakwambia ni majira. Mashirika huajiri ndege zinapoongezeka na hufukuza zinapopungua, na hakuna anayepaswa kulijua hilo kuliko mtu wa Kikambala. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise hapa kwetu ililipuliwa, wakafa watu 13, wengi wao Wakenya, na asubuhi hiyohiyo makombora mawili yakarushwa kwa ndege ya shirika la Arkia iliyokuwa ikipaa kutoka uwanja wa Moi, yakaikosa. Mei 2003 Uingereza ikasimamisha ndege zake kuja Kenya. Nani angeajiri rubani kwa ajili ya Pwani mwaka huo? Au tazama Kenya Airways. Mwaka 2012 ilitangaza mpango wake wa Mawingu, wa kufikisha ndege zaidi ya mia moja ndani ya miaka kumi. Kijana aliyepita kwenye meza yao wakati huo alikuwa na haki ya kuota. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 shirika lilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 25, na muda si mrefu Dreamliner zake mbili zilikuwa zimekodishwa Oman Air na Boeing 777 tatu zimekwenda Turkish Airlines. Ndege zikienda, viti vya marubani huenda nazo. Kisha ikaja 2020 na korona. Faida ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi ilipatikana mwaka 2024.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwenye maonyesho yoyote, soma habari za biashara za shirika unalolitaka. Limeagiza ndege ngapi, za aina gani, zitafika lini? Marubani wake wanahama kwenda Ghuba? Shirika lililopoteza marubani na kupokea ndege mpya linakuhitaji hata kama halikuweka meza. Shirika lisilo na ndege za kutosha litakupa kalamu nzuri tu.

Mbona basi nasema uende? Kwa sababu ya kitu kimoja ambacho mtoto wa Kikambala hana na mtoto wa rubani anacho tangu kuzaliwa. Irene Koki Mutungi aliingia Kenya Airways mwaka 1993, akawa mwanamke wa kwanza kurusha ndege za shirika hilo, na baadaye akawa kapteni wa Dreamliner. Alianzia Wilson, akaendelea na masomo Oklahoma, Marekani. Baba yake naye alikuwa rubani wa shirika hilohilo. Jasho lake ni lake na hakuna wa kumnyang'anya; ninachosema ni kwamba nyumba ya rubani humfundisha mtoto mambo mezani kwa chakula: chuo gani kinaheshimiwa, cheti gani kinatangulia, kosa gani humgharimu mtu miaka. Kwetu mezani huzungumzwa mnazi, uvuvi, kazi ya hotelini na katani ya Vipingo. Hayo ni ya heshima, ila hayamwambii mtoto chochote juu ya saa za injini mbili. Maonyesho ya ajira, yakiendeshwa kwa nia njema, ni mahali ambapo mtoto asiye na mjomba kapteni anaweza kumpata kapteni kwa dakika kumi.

Marekani waliujua umuhimu wa mlango kama huo kwa njia chungu. Marlon Green, rubani mweusi aliyetoka jeshi la anga, aliomba kazi Continental Airlines mwaka 1957. Fomuni aliacha wazi sehemu ya rangi na hakutia picha, akaitwa kwenye majaribio. Walipomwona walimwacha, wakachukua wazungu waliokuwa na saa chache kuliko yeye. Alipigana mahakamani hadi Mahakama ya Juu ikampa haki mwaka 1963, akaanza kazi mwaka 1965. Mwaka 1976 marubani weusi wakaunda chama chao, OBAP, na hadi leo mashirika makubwa huja kwenye mikutano yake kutafuta marubani. Hapo maonyesho husaidia kweli. Lakini tazama wanaofika: ni watu wenye daftari za saa zilizojaa. Tangu 2013 sheria ya huko, iliyotokana na ajali ya ndege ya Colgan karibu na Buffalo mwaka 2009, inamtaka hata rubani msaidizi wa shirika la abiria awe na saa 1,500 kwa kawaida. Meza huwafungulia mlango waliokwisha kupanda ngazi.

Wewe ambaye ngazi bado hujaikanyaga, wasifu uache nyumbani, beba daftari na maswali. Mnachukua marubani wenye saa 200, au wazoefu tu? Mara ya mwisho mlimsomesha mwanagenzi lini, na karo alilipa nani? Leseni ya Kenya mnaitambua, au nitafanya mitihani upya? Rubani wenu wa mwisho kuajiriwa alitoka chuo gani, na kabla ya kuja kwenu alikuwa akirusha nini? Je, yupo rubani hapa ukumbini nimsalimie? Ukimpata huyo wa mwisho, mwache asimulie, nawe uandike.

Mwulize pia habari za cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwa sababu hapa wengi huanza mkia wakamaliza kichwa. Mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, ina madaktari iliowaidhinisha. Nenda kwao upimwe macho, masikio na moyo kabla mzee hajauza hata mnazi mmoja. Si haki familia kulipa karo ya mamilioni kisha kijana aambiwe hawezi kutofautisha taa nyekundu na ya kijani.

Na akitokea mtu ukumbini anayeuza nafasi ya usaili, eti utume pesa kwa M-Pesa kwenye namba yake, ondoka hata kama ana beji. Wakala wa kupeleka watu kazini ng'ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hilo unaweza kulihakikisha kabla ya kutoa senti.

Wanaoandaa maonyesho haya Pwani nao wana deni kwa vijana wetu. Msiweke picha ya ndege kwenye tangazo kama hamkumwalika rubani. Mwalikeni rubani, afisa wa leseni kutoka KCAA na daktari anayepima marubani, na mfanye jambo hilo Kilifi, ambako Chuo Kikuu cha Pwani kina kumbi za kutosha. Nanyi makapteni mliozaliwa kati ya Mtwapa na Malindi, ambao leo mnarusha ndege za Nairobi, Doha na Dubai: mkija likizo, piteni shule moja ya sekondari, Kikambala au popote mlipo karibu, na mwaambie watoto hesabu yote, ya saa na ya pesa, bila kuipunguza.