Jehanamu kwa Tiketi

"Mjomba, leo nakupeleka jehanamu," alisema mpwa wangu huku akinimiminia chai. Nikamtazama nione kama atacheka. Wapi! Yeye anasoma Chuo Kikuu cha Ritsumeikan Asia Pacific, kilichoko mlimani hapo Beppu, na mji huo una jehanamu saba, kila moja na dirisha lake la tiketi. Nyumbani tunaonywa tusiende. Beppu wanakupa na ramani.

Mji wenyewe uko Japani, mkoa wa Oita, katika kisiwa cha Kyushu, na ardhi yake inachemka kweli. Chemchemi za maji moto zinazidi 2,000, na mvuke unafuka mitaani kana kwamba chini kuna watu wanapika pilau la harusi. Aliyewafungua macho wenyeji kwamba moto huu ni biashara ni Aburaya Kumahachi. Mwaka 1928 alianzisha mabasi ya kuwazungusha wageni jehanamu, yenye wasichana wa kuwaelezea. Sanamu yake iko mbele ya stesheni, mikono juu, na kijizimwi kimening'inia kwenye joho lake.

Umi Jigoku, mojawapo ya jehanamu hizo, ni bwawa la buluu ambalo mtu wa Tanga akiliona anatamani kujirusha. Asithubutu: maji yana nyuzi joto 98, na humo ndimo wanamochemshia mayai ya kuuza. Chinoike ni jekundu kwa sababu ya udongo wake wenye chuma. Hizo mbili nilizipenda kwa dhati.

Kisha tukafika Oniyama Jigoku. "Hapa utashangaa, mjomba!" Nikachungulia. Mamba. Wanafugwa hapo kwa joto la chemchemi tangu 1923. Nimetoka Tanzania, ambako mamba humfuata mtu mtoni bila kumdai kiingilio, nikavuka bahari, nikakata tiketi, nije nimwone mamba amelala! Mzee mmoja wa Kijapani akaniuliza, kupitia kwa mpwa wangu, kama kwetu wapo. Nikasema tele. Akawaacha mamba, akanipiga picha mimi.

Kesho yake nikaambiwa kuna kivutio kikubwa zaidi jirani, mlima Takasaki. Kuna nini huko? "Kima, mjomba, mamia kwa mamia." Hapo nikagoma. Shamba la marehemu baba kule Muheza tulilitelekeza kwa sababu ya kima.

Badala yake tukaenda kuoga. Kwenye bafu la umma hakuna kaptula wala msuli. Mkononi una kitaulo cha kufutia kamasi, na hicho nacho ni mwiko kugusa maji ya bwawa. Wenyeji hukibandika utosini. Kabla ya kuingia sharti ukae kwenye kigoda ujisugue kwa sabuni mpaka utakate, yaani unaoga ili uruhusiwe kuoga. Hilo sina neno nalo. Shida ni mimi na mtoto wa dada yangu, uchi, chumba kimoja. Mjomba ni mtu wa heshima, na sehemu kubwa ya heshima hiyo hukaa kwenye msuli. Tukakubaliana kila mtu atazame ukuta wake.

Takegawara, nyumba ya kuogea iliyoanza 1879, angalau wanakuvika kanzu ya pamba. Unalala shimoni, na mama mtu mzima mwenye koleo anakufukia mchanga wa moto hadi shingoni. "Niwapigie simu nyumbani waanze matanga?" akauliza mpwa kutoka kaburi la pili. Sikumjibu, maana pua ilikuwa imeanza kuniwasha na mikono yote iko ardhini. Nikamkunjia uso yule mama, nikachezesha mdomo, nikapepesa macho. Akaelewa upesi. Akaleta kitambaa, akanipangusa paji la uso kwa huruma nyingi, pua akaiacha ilivyo.

Nilipofukuliwa, mgongo ulioniuma tangu kwenye ndege ulikuwa umenyamaza. Kwa hiyo ukifika Beppu, jehanamu mbili zinatosha, ya buluu na nyekundu. Mamba waachie wasiotoka kwetu. Hela inayobaki ipeleke mchangani, na ujikune pua kabla hujazikwa.