Sifa za Daftari la Mwanagenzi wa Taroti

Karata za taroti zimeshasifiwa vya kutosha. Watawala wa Milano, akina Visconti na Sforza, walichorewa zao kwa dhahabu katika karne ya 15. Wafaransa wakazizulia nasaba ya Misri. Na maduka ya leo yanaziuza ndani ya visanduku vya mahameli. Daftari la anayejifunza kuzisoma halijapata wa kulisifu. Kazi hiyo naibeba mimi. Masheikh na wachungaji wanaokemea upigaji ramli wasikunje uso mapema: nimekuja kusifu karatasi zenye mistari tu, na huenda tukifika mwisho wakaniunga mkono.

Ukoo wake ni duni, na ndiyo fahari yake ya kwanza. Ni daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na jedwali hilo, kusema kweli, ndilo sehemu pekee isiyo na ubishi humo. Tena lina kazi. Karata ni 78, na kila moja ina maana ikiwa wima na maana nyingine ikipinduka: jumla maana 156 za kukariri. Ukurasa wa kwanza una hati ya kupendeza, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula, wino mwekundu. Kufikia karata ya tano rula imepotea. Kufikia ya 13, Kifo, mwandiko unakimbia: "si kifo cha kweli, ni mabadiliko." Kila mwanagenzi huyaandika maneno hayo na kuyapigia mistari miwili, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza.

Tazama pia unyenyekevu wake. Kuna ukurasa umekatwakatwa mpaka karatasi imetoboka, na kosa si la mwenye daftari. Katika karata za zamani za Marseille, namba 8 ni Haki na namba 11 ni Nguvu. Mwaka 1909 Arthur Edward Waite, alipotoa karata zake mjini London, alizibadilishia nafasi, na katika kitabu chake cha maelezo hakumfafanulia msomaji sababu. Mwanagenzi anayesoma vitabu viwili kwa pamoja anaandika, anafuta, anaandika tena. Waite anaitwa bingwa. Daftari linaitwa chafu.

Na wakubwa wa fani hii wangelihitaji kuliko sisi. Mwaka 1781 Antoine Court de Gébelin aliwaambia wasomaji wake wa Paris kwamba taroti ni kitabu cha hekima ya Misri ya kale. Wakati huo hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri. Msomi Mfaransa Champollion alitangaza kuyafumbua mwaka 1822. Karata zenyewe zilikuwa mchezo wa kaskazini mwa Italia, wa kula karata na kuhesabu pointi, na hadi leo wapo Wafaransa na Waaustria wanaoucheza bila kutabiri chochote zaidi ya nani atafungwa. Laiti bwana huyo angekuwa na daftari la safu mbili, moja ya "nasema nini" na nyingine ya "nimejuaje"! Safu ya pili ingebaki nyeupe, na mauzo ya visanduku vya mahameli yangekuwa madogo sana leo.

Daftari lina haki pia ya kumwita Pamela Colman Smith dada. Ndiye aliyechora karata zote 78 za Waite. Kabla yake, karata ndogo nyingi, yaani zile zisizobeba jina kama Kifo au Haki, zilionyesha alama tu: kopa, shupaza, pao na uru, majina anayoyajua mcheza karata yeyote wa barazani, ila huku kopa ni kikombe, shupaza ni upanga, pao ni gongo na uru ni sarafu. Pamela akatia watu na mambo yao. Shupaza 3 ni moyo uliochomwa panga tatu chini ya mvua. Kopa 5 ni mtu mwenye joho jeusi akiviinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, viwili vizima viko nyuma yake. Hapo mwanagenzi hahitaji kamusi: anaandika anachokiona, kisha ndipo anafungua kitabu. Pamela mwenyewe alilipwa kidogo, akafariki mwaka 1951 akiwa na madeni, na kwa miongo mingi karata hizo ziliitwa Rider-Waite, yaani mchapishaji na bwana aliyetoa maelekezo. Wafanyao kazi ya mkono wanaelewana.

Sasa nifike kwenye ukorofi wake, maana sifa bila ukorofi ni za harusini. Wanaoanza hushauriwa kuvuta karata moja kila asubuhi, kuandika wanachotarajia, na jioni kuandika kilichotokea. Asubuhi: "Uru 10. Familia, nyumba, mali. Leo neema." Jioni: "Mwenye nyumba amekuja kudai kodi." Mwerevu atasema nyumba imetajwa, mali imetajwa, basi karata imesema kweli. Daftari linapokea bila kubisha. Uru 10 inarudi siku nyingine, jioni: "Sikutoka. Mafua." Mwerevu anaanza kutafuta maana ya mafua katika sarafu, na daftari linampa mistari ya kutosha kuitafutia.

Kinywa cha mtabiri husahau kwa hiari, na masikio ya mteja humsaidia: yaliyotokea yanasimuliwa miaka, yasiyotokea hayana msimulizi. Daftari halina adabu hiyo. Linatunza yote mawili, kwa tarehe. Mbaya zaidi, linatunza maswali. Fungua la yeyote aliyeachwa na mpenzi: "Je, atanipigia?" Kurasa mbili mbele: "Je, nisubiri?" Kisha, kwa Kiswahili cha ofisini: "Mustakabali wa mawasiliano yetu ukoje?" Karata zimechanganywa, zimekatwa, zimepangwa tatu, zimepangwa kumi, swali ni lile lile, limebadilisha kanga. Rafiki angeshamwambia akome. Daftari ni msutaji anayesuta kwa mwandiko wako mwenyewe, hapazi sauti, wala majirani hawasikii. Kati ya wote wanaokaa kwenye meza ya taroti, ndiye pekee ambaye sijawahi kumshika akisema uongo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukivutiwa na zile karata za bei mbaya, pitia na duka la vifaa vya shule. Daftari utalipata kwa bei ya soda. Andika tarehe, andika swali lilivyo, andika ulichokiona kabla hujafungua kitabu. Na tafadhali, isiwe penseli.