Hati Imekuja, Pointi Zimebaki

Mama mkwe alipopata viza na kutangaza kutoka Tanga kwamba anakuja, alitoa sharti moja tu: wajukuu wake wote walale naye chini ya paa moja, walau juma zima. Sharti hilo lilitukuta pabaya. Fleti yetu hapa Bladensburg ina vyumba viwili, nyuma ya Annapolis Road, si mbali na ule msalaba mkubwa wa zege uliokamilishwa 1925 kuwakumbuka askari 49 wa Kaunti ya Prince George's waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anaishi Hyattsville na watoto wake, napo ni pa kubanana vilevile.

Shemeji ndiye aliyeleta dawa. Kazini kwake aliunganishwa na bibi mmoja mstaafu wa Pennsylvania aliyekuwa na umiliki wa zamu katika jengo la likizo Orlando, nyumba ya vyumba viwili yenye jiko lake. Bibi alikuwa ameulipia maelfu mengi ya dola zamani, mumewe akiwa hai. Sasa alitaka kuuachia kwa bei isiyofika hata bei ya televisheni mpya, ili tu ada za kila mwaka zimtoke. Juu ya hayo alikuwa na pointi za miaka miwili alizozihifadhi kwenye mtandao wa kubadilishana, na alisema kwa moyo mweupe, "Hizo nazo chukueni."

Kwa msomaji ambaye hajakutana na jambo hili, mpango wenyewe ni huu. Jengo moja hugawanywa kwa majuma, kila mwenye hati akawa na zamu yake kila mwaka, na kila mwaka akalipa ada ya matunzo, aende asiende. Huko Ulaya, Hapimag ya Uswisi ilianza mwaka 1963. Ila kilichoifanya biashara hii ienee Marekani ni mitandao ya kubadilishana: RCI, iliyoanzishwa Indianapolis mwaka 1974, na Interval International ya Miami, mwaka 1976. Mwenye juma la Orlando huliweka mtandaoni, akachukua juma la mwenzake Hispania au Hawaii. Baadaye kampuni nyingi zikageuza majuma kuwa pointi, ili mtu aweze kulala siku tatu hapa na siku nne pale. Shemeji alipotueleza hayo, mume wangu alikuwa ameshafika Hawaii kwa mawazo.

Ndugu hao wawili walilipa nusu kwa nusu. Kampuni ya jengo ilitoa barua inayoonyesha kuwa bibi hadaiwi, ikaachia haki yake ya kununua kabla ya mtu mwingine, na hati ikasajiliwa Florida kwa majina ya wana wawili wa Mama. Mume wangu aliipiga picha akaituma Tanga, na Mama akajibu kwa dua ndefu.

Kisha shemeji akapiga simu kwenye mtandao wa kubadilishana ili aanze kutumia pointi. Aliambiwa hana akaunti. Uanachama ulikuwa wa bibi, na haukuwemo ndani ya hati. Ninyi fungueni wenu, mlipe ada ya mwaka, na kila mkibadilishana mlipie tena. Akauliza zile pointi za miaka miwili: ziko kwenye akaunti ya bibi na zitabaki humo. Akauliza za mwaka ujao. Hapo ndipo pigo lilipotua. Kuligeuza juma kuwa pointi kulikuwa makubaliano kati ya bibi na kampuni iliyomuuzia. Sisi tulionunua kwa bibi tungepokewa kama wenye juma la kawaida, lile lile la Orlando, bila pointi. Hoteli, punguzo la tiketi za ndege na daraja la juu alilokuwa nalo, vyote viliishia kwake.

Bibi hakutudanganya, na hili nalisisitiza kwa sababu shemeji alikuwa amekasirika kiasi cha kutaka kumshtaki. Alitueleza alichokuwa akikitumia kweli. Kwake kilikuwepo.

Mama alikuwa ameshafika wakati huo. Ni mwalimu mstaafu, na aliitisha kikao sebuleni baada ya Isha. Wanawe wakamweleza, mmoja akianza, mwingine akimalizia. Akamtazama mume wangu: "Lile gari ulilonunua kwa jirani, lilikuja na namba zake?" Mume wangu akasema hapana, hapa Maryland muuzaji hubaki na bamba zake, mnunuzi akatafute zake. "Na bima?" Bima pia. "Basi mwanangu," akasema, "mmenunua gari. Namba na bima ni za yule bibi. Sasa nani kati yenu ana barua ya kampuni inayosema vinginevyo?"

Hakuna aliyekuwa nayo.

Siku zilizofuata nilikaa maktaba ya Bladensburg nikisoma masharti ya kampuni kubwa, maana nilitaka kujua kama tumeonewa sisi peke yetu. Si sisi peke yetu. Marriott ilipoanzisha mfumo wake wa pointi Juni 2010, iliyaacha nje ya mfumo huo majuma yatakayonunuliwa baadaye kwa watu binafsi. Disney iliwazuia walionunua pointi kwa watu binafsi kuanzia Machi 21, 2011 wasizitumie kwa safari za meli zake. Halafu walionunua hivyo kuanzia Januari 19, 2019 katika majengo yake 14 ya awali wakazuiwa kwenda jengo lake la Riviera na majengo yaliyofuata, na anayenunua ya Riviera kwa mtu binafsi hulala Riviera tu. Kwa Hilton, pointi za mkono wa pili kwa kawaida hutumika kulala, ila hazihesabiwi kumpandisha mtu daraja. Sababu inaeleweka: kampuni inauza mpya kwa bei ghali, na kama za mtumba zingekuwa na haki zote, nani angenunua mpya? Kwa hiyo haki zinazoweza kuondolewa huondolewa, na hati inayobaki ni ya ukuta, kitanda na ada. Masharti haya yameandikwa, hayakufichwa. Ninacholalamikia ni kwamba mnunuzi wa mkono wa pili hana anayewajibika kumwekea mbele kabla hajalipa.

Nikiwa bado nasoma, shemeji alipata mwaliko wa chakula cha mchana kwa wamiliki wapya, katika hoteli moja kando ya mto Potomac. Alikwenda peke yake asubuhi, akarudi jioni akiwa na mkoba wa karatasi nene na uso wa mtu aliyetua mzigo. Walikuwa wamemwambia kwamba akinunua kifurushi kidogo cha pointi kwao moja kwa moja, lile juma la bibi "litafunguka" na kuingia kwenye pointi pamoja na kifurushi kipya. Hicho kifurushi kidogo kilikuwa na bei ya gari. Alikuwa ameshasaini na kutoa malipo ya kwanza kwa kadi ya benki.

Mke wake alilia. Mume wangu alitaka tusubiri Jumamosi, ndugu wengine wapate nafasi, tukae kikao kamili. Mama akavaa miwani, akasoma mkataba mezani kwangu ukurasa kwa ukurasa, chai ikipoa. Hakukuwa na sentensi hata moja iliyotaja juma la bibi. Ilikuwepo nyingine, kwa herufi ndogo, iliyosema kwamba ahadi zozote za mdomo hazihesabiki, yanayohesabika ni yaliyoandikwa humo tu. Alimwita mwanawe akamsomesha kwa sauti, kama mwanafunzi. Kisha akageukia kurasa za mwisho akaweka kidole: haki ya kuvunja mkataba.

Sheria ya Maryland inampa anayenunua umiliki wa zamu kwa kampuni siku kumi za kuvunja mkataba bila kutoa sababu, zikihesabiwa tangu kusaini au tangu kukabidhiwa nyaraka zote zinazotakiwa, lile lililochelewa zaidi. Florida nayo hutoa siku kumi. Shemeji alikuwa ndani ya muda, lakini kwa kusubiri kikao cha Jumamosi angekaribia ukingo. Mama hakukubali. "Kikao kimekwisha," alisema, "andika." Barua ilikuwa ya mistari michache: namba ya mkataba, tarehe, jina, navunja. Asubuhi tuliipeleka posta kwa rejista, tukashika risiti. Kampuni ilimpigia simu mara kadhaa kumshawishi aje wazungumze, na kila mara alijibu kwamba barua imeshakwenda. Malipo yake yalirudi yote.

Sharti la Mama lilitimizwa na yule bibi wa Pennsylvania. Shemeji alipompigia kumtaka radhi kwa maneno makali, bibi aliuliza kwa nini asituwekee nafasi mwenyewe kwa pointi zake zilizokwama, halafu atukatie cheti cha mgeni. Mtandao unaruhusu hivyo kwa ada. Tukapata nyumba Williamsburg, Virginia, juma zima, na Mama akalala na wajukuu wote chini ya paa moja. Akapika wali wa nazi kwenye jiko ambalo si la mtu yeyote kati yetu.

Juma la Orlando bado tunalo. Hatulibadilishani, tunakwenda kulitumia wenyewe kwa zamu, na kwa matumizi hayo nakiri lilinunuliwa kwa bei nzuri kuliko wanayolipa wanunuaji wapya. Anayelitaka kwa ajili ya jengo lile lile na mwezi ule ule, anunue mtumba bila hofu. Anayelitaka kwa ajili ya pointi na mtandao, aombe kwanza barua ya kampuni na barua ya mtandao, zikitaja namba ya hati anayoinunua na haki zitakazohamia kwa jina lake. Akikataliwa barua, asilipe.

Na wewe uliyesaini juzi hapa Maryland, kwenye meza yenye chakula cha bure, ukaambiwa kwamba juma lako la zamani litafunguka: usingoje ndugu wakutane Jumamosi. Andika leo, upeleke kwa rejista, utunze risiti.