Mark Four ya Mjomba

Mzee jirani yetu hapa Houston alikuwa anahamia kwa binti yake, akatandaza mali zake kwenye gereji: masufuria, viatu vya gofu, na bunduki moja kuukuu iliyovaa mbao mpaka karibu na mdomo. Nikaomba kuishika. Kwenye chuma pamechapwa neno ENGLAND. Akili yangu ikaniaga palepale.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mtu wa Tanga akiona bunduki ya zamani ya Kiingereza hafikirii swala, anafikiria nyuki. Novemba 1914 Waingereza walishuka kwetu na jeshi la watu kama 8,000 kutoka India. Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000 tu. Wageni wakatimuliwa kwa risasi na kwa nyuki, wakarudi melini wakiacha nyuma mamia ya bunduki. Mpaka nafika nyumbani, yangu ilikuwa imeshaingia katika hayo mamia.

"Baba Zuhura," mke wangu akauliza, "kutoka Tanga imefikaje Texas?"

Nikamwambia historia ina njia zake.

Siku ya Idi, baada ya pilau, nikaitoa kabatini na kuwasimulia wageni vita vyote, nyuki mmoja mmoja. Mwalimu mmoja mstaafu akavaa miwani, akasoma pale kitako kinapoungana na chuma: taji, G.R., ENFIELD, 1917.

"G.R. ni Mfalme George," akasema taratibu. "Na vita vyenu vya nyuki umesema vilikuwa mwaka gani?"

Hata watoto waliacha kutafuna.

Usiku nikampigia mjomba, Muheza, kwa video. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu igeuze."

Upande wa pili palikuwa na maandishi membamba: No. 2 Mk IV, na kinyota. Mjomba, aliyekuwa mgambo enzi zake, akajipiga paja. "Mark Four hiyo! Tumelala nazo porini. Inakula risasi ya 303." Mjomba wangu habishiwi. Nikanunua boksi zima la 303, nikaenda uwanja wa shabaha.

Risasi haikuingia. Nikaisukuma, nikaibembeleza, nikaisomea bismillahi. Msimamizi wa uwanja, mzee mwenye subira ya daktari wa meno, akaninyang'anya bunduki na kuniambia nichungulie mdomoni. Mtutu mnene, lakini tundu lake hata penseli haipiti.

Kumbe Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 viliwaaibisha Waingereza kwa shabaha mbovu, wakaanza kuwafundisha watu kwa risasi ndogo ya .22, ya bei poa na isiyo na kishindo. Bunduki za vita zikabadilishwa matumbo: tundu la milimita 7.7 likawa la 5.6, na sindano ya kugongea ikasogezwa pembeni, kwa kuwa risasi ndogo hugongwa ukingoni, si katikati. Mark Four ya mjomba ni bunduki Nambari 4. Yangu ni Nambari 2, toleo la nne. Zimefanana jina kama akina Juma wawili wa mtaa mmoja.

"Na magazini?" nikauliza, nikitafuta pa kushika.

Akaichomoa, akaipindua. Haina springi, haina kitu. Kazi yake ni kudaka maganda yanayotoka. Nimenunua bunduki yenye kopo la taka.

Na ENGLAND niliyoililia machozi? Alama ya forodha. Sheria ya Marekani inataka bidhaa ya nje itaje nchi itokayo, kama unavyosoma chini ya birika la Mchina. Pembeni mishale miwili imegusana ncha kwa ncha: maana yake jeshi limeiuza, haimo tena mikononi mwake. Kwa hiyo alizaliwa Enfield katikati ya vita, akageuzwa mwalimu, akastaafishwa, akauzwa ng'ambo. Tangu apate kazi ya ualimu, adui yake amekuwa karatasi yenye duara.

Mwalimu mstaafu nilimweleza, akacheka mpaka akavua miwani. Mjomba sijamwambia. Kila Ijumaa hupiga simu.

"Mark Four yetu haijambo?"

"Haijambo, mjomba."

"Na risasi umepata?"

"Nimepata boksi zima, mjomba. Zimo zote."