Pointi za Mezani

Nilikuwa naongoza mabao matatu kwa bila, dakika ya 88, na mpwa wangu wa miaka kumi na miwili alikuwa ameshaingia kwenye ule ukimya wa mtoto anayetafuta sababu ya kwenda chooni. Sebule imejaa. Dada yangu, shemeji yangu, jirani aliyekuja kurudisha ungo akanogewa, na wageni wawili wa shemeji ambao mpaka leo siwajui majina, ila wao sasa wananijua vizuri sana. Nikaupata mpira pembeni kulia. Nikasema kwa sauti, nasikitika kukiri, "Mwangalieni fundi." Nikapiga krosi.

Kioo kikawa cheusi.

Laptopu haikuganda. Haikuaga. Haikuleta hata ile skrini ya buluu ya kuomba radhi. Ilikata, tap, na ndani ya ule weusi nikajiona mimi mwenyewe, mdomo wazi, pedi mkononi, na nyuma yangu watu watano wananitazama kama wanatazama ajali ambayo haijamuua mtu, kwa hiyo inaruhusiwa kuchekesha.

"Anko," mpwa akasema, "hizo ni pointi za mezani."

Nikamuuliza za mezani kivipi wakati nilikuwa naongoza. Akanieleza kwa upole, kama hakimu mwenye siku nzuri, kwamba mwenye uwanja ndiye mwenye jukumu la taa. Mechi ikivunjika kwa uzembe wa mwenyeji, mgeni anachukua pointi tatu na mabao matatu. Laptopu ya nani? Yangu. Sebule ya nani? Yangu. Basi kanifunga tatu bila. Shemeji, mtu mzima mwenye ndevu, akasema, "Kanuni ni kanuni." Jirani akaaga upesi, na kabla ya magharibi duka la mtaani lilikuwa limeshapata matokeo.

Kesho yake asubuhi niliipeleka Kariakoo. Fundi aliiinua, akaitegea sikio kama mkunga, akaitikisa kidogo, akaniangalia kwa huruma. "Bosi, mazabodi hiyo." Nikaiacha siku mbili. Niliporudi akasema Mungu mkubwa, mazabodi imekubali kupona, tena kwa elfu sitini tu. Nikalipa, nikashukuru, nikamwongezea na nauli. Usiku ule ikazima dakika ya ishirini. Kwa lugha ya hospitali, mgonjwa aliruhusiwa akiwa na hali mbaya kuliko aliyoingia nayo.

Hapo ndipo nilipoamua kusoma. Windows ina daftari lake la matukio, ambamo kila kinachotokea huandikwa na saa yake. Nilitegemea kukuta ushahidi. Nilichokuta ni Tukio namba 41, kutoka Kernel-Power, likieleza kwa urefu kwamba mfumo umewaka tena bila kuwa umezimwa vizuri hapo kwanza. Ni sawa na kwenda polisi kuripoti kuibiwa, ukasomewa taarifa isemayo: mlalamikaji hana vitu alivyokuwa navyo. Na wala tukio hilo haliandikwi saa ile ya kifo. Linaandikwa mashine ikishafufuka, inapojishangaa kwamba ilikuwa imekufa.

Lakini ukikaa nalo, lile daftari linasema kitu kwa kunyamaza. Skrini ya buluu maana yake programu zimegombana na mojawapo imepata nafasi ya kupiga yowe. Kukata ghafla, bila yowe, maana yake programu hazikuulizwa. Umeme umekatwa kutoka chini, kwenye chuma chenyewe. Na chuma kina sababu chache za kufanya hivyo: ama chaja imezidiwa, ama joto. Chipu kuu ina kipimajoto chake ndani. Ikikaribia nyuzi 100 hivi, inajipunguzia mwendo ili ipoe. Ikizidi kupanda hata hivyo, inakata umeme wote papo hapo, bila kumwomba ruhusa Windows wala mwenye pedi, kwa sababu ikichelewa itaungua na haitawaka tena kamwe.

Nikakumbuka. Tangu dakika ya themanini wachezaji wangu walikuwa wanakimbia kama watu wanaovuka Jangwani siku ya masika, maji magotini. Nilidhani gemu limewekewa uchovu, nikalisifia kwa uhalisia. Kumbe lilikuwa onyo. Mashine ilikuwa inanisihi, nami napiga krosi.

Basi Jumamosi nikaifungua mezani jikoni. Skrubu kumi na tatu, nikaziweka kwenye kisosi. Mke wangu akauliza hizo skrubu zikiingia kwenye maharage itakuwaje. Nikamwambia hazitaingia. (Moja haijaonekana mpaka leo, na maharage tulishakula.)

Chini ya kifuniko nilikuta mambo mawili. La kwanza, kati ya feni na yale mapezi ya shaba ya kutolea joto, palikuwa na blanketi. Siyo vumbi la kupangusa na kidole: kipande kizima, kimesokotana, kijivu, unakishika pembe mbili na kukikung'uta kama mkeka. Mashine ni ya mtumba: nyuzi za mazulia ya nchi nyingine ziko humo, nywele za watu nisiowajua, na mende mmoja aliyekauka, ambaye nadhani ndiye mtu wa kwetu peke yake. Feni ilikuwa inazunguka kwa bidii zote, hewa haiendi popote.

La pili nitalisema baadaye, maana hapa katikati niliona bomba, na nikasahau mpaka chakula.

Ni bomba la shaba lililobanwa likawa bapa, nene kama biki, limetoka juu ya chipu likapinda mpaka kwenye mapezi. Nilidhani ni chuma tupu. Siyo. Ndani yake mna maji. Ndiyo, maji, matone machache, ndani ya kompyuta, kwa makusudi. Wanaliziba bomba baada ya kunyonya hewa yote, wakiacha maji kidogo tu. Sasa unajua kwamba hewa ikipungua, maji hayasubiri nyuzi 100. Kule Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, maji yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi, ndiyo maana huwezi kupika maharage yakaiva. Ndani ya bomba lisilo na hewa hayahitaji hata hizo. Chipu ikipata moto kidogo tu, maji ya upande ule yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa baridi kwenye mapezi, unageuka maji tena, na yale maji yanarudi yenyewe yakinyonywa na kuta za ndani, zilizowekwa unga wa shaba kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Yanafika, yanachemka, yanaondoka tena. Hakuna pampu. Hakuna kinachotembea zaidi ya maji. Kila ukichemsha sufuria yenye mfuniko unaona jambo hilihili: mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unadondoka. Tofauti ni kwamba hapa sufuria imebanwa ikawa nene kama kalamu, na haiishiwi maji.

Aliyelitengeneza na kulipa jina ni mwanafizikia George Grover, kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, na muda si muda mabomba kama hayo yakaenda angani kwenye satelaiti. Nilikaa pale na bisibisi mkononi, kando ya sufuria ya maharage, natazama kipande cha satelaiti kilichofungiwa kwa fumba la vumbi na mende. Nikaona haya kwa niaba ya binadamu.

Sasa bomba haliwezi kuondoa joto lisilolifikia. Kati yake na chipu huwekwa grisi maalumu, kwa sababu nyuso mbili ngumu, hata ziwe laini namna gani, hugusana kwenye vilima tu. Mabondeni mnabaki hewa, na shaba inapitisha joto zaidi ya mara elfu kumi kuliko hewa iliyotulia. Grisi kazi yake ni kujaza mabonde. Ya kwangu ilikuwa imekauka, inabanduka vipandevipande kama rangi ya ukuta wa shule.

Nikafuta kwa pamba na spiriti. Grisi mpya sikuwa nayo, Kariakoo sikutaka kurudi, na ilikuwa saa mbili usiku. Nikakumbuka nimewahi kusikia kwamba dawa ya meno inafaa.

Inafaa kweli. Naomba hili lieleweke. Ina unga laini na maji, inajaza mabonde vizuri. Usiku ule nilicheza mechi mbili nzima, joto halikuvuka 83, na kila feni ikipuliza, chumba kizima kilinukia mnanaa, kama mashine inakwenda kujitambulisha ukweni. Nilimpigia dada simu. Nilimwambia mpwa aandae maelezo. Nilijisifu siku mbili kamili, ambazo ndizo siku maji ya dawa ya meno yanahitaji kukauka kwenye nyuzi 80. Siku ya tatu palibaki chokaa. Ilizima nikiwa naonyesha ofisini jinsi nilivyoitengeneza.

Sasa lile la pili. Mashine hii niliinunua na ramu ya GB 8, vipande viwili vya nne nne. Nilikuta tundu moja lina kipande, jingine tupu, safi, halina hata vumbi. Kila kitu humo ndani kilikuwa na vumbi isipokuwa tundu lile. Nilirudi kwa fundi. Akaniambia, bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa anaifungua, "Ilikuja hivyo hivyo, kaka." Na mimi sikuwa na cha kumwonyesha. Sikupiga picha, sikuomba risiti, sikuandikiana naye chochote. Nilikuwa nimemwamini kwa sababu aliitegea sikio. Nimelicheka jambo hili mbele za watu mara nyingi, lakini nilipokuwa nashuka ngazi kutoka kwake sikuwa nacheka. Elfu sitini nilimlipa mtu aninyang'anye ramu, nikamwongezea nauli.

Na bado hasira yangu kubwa haiko kwake. Iko kwenye ukurasa mmoja. Nilitafuta kijitabu cha maelekezo cha mashine hii, nikakuta mstari unaosema itumike mahali penye joto kati ya nyuzi 5 na 35. Nyuzi 5! Mtu wa Dar atazipata wapi, labda aiingize kwenye friji. Lakini 35 tunaijua. Mwezi wa pili, saa nane mchana, chini ya bati, 35 ni asubuhi yetu. Na feni haitengenezi baridi. Inachofanya ni kuchukua hewa ya chumba na kuipitisha kwenye mapezi, kwa hiyo chipu haiwezi kuwa baridi kuliko chumba; kila nyuzi moja unayoongeza chumbani, chipu nayo inapanda karibu moja. Ofisi ya nyuzi 20, chipu inakaa 85 na kazi inaendelea. Sebule yangu ya 34, chipu ileile, gemu lilelile, iko 99 na mtoto ananidai pointi.

Hii mashine haikuharibika. Ilifanya kazi miaka yake mizuri huko ilikotoka, kwenye chumba chenye kiyoyozi, inafungua barua na majedwali. Bado ina kibandiko cha ofisi fulani kilichobanduliwa nusu. Ilipoanza kuchoka ikatiwa kwenye kontena, ikaja kwetu tuifanyishe kazi ngumu kuliko zote ilizowahi kufanya, mahali pa joto kuliko pote ilipowahi kuwa, na vumbi lao ndani. Kama basi, kama friji, kama shati. Halafu tunaambiwa mazabodi.

Waliobuni neno kipakatalishi walifikiria kupakata, kama mama anavyopakata mtoto. Nimejaribu. Kaptura yangu ina alama. Nadhani wale waliopendekeza kompyuta iitwe ngamizi, neno ambalo halikushika, walikuwa wamewahi kuichezea gemu.

 Chaja nayo niligundua ni ndogo kuliko inayotakiwa, nimebadilisha.

Grisi halisi hatimaye nilipata, kibomba kama sindano, nikaipaka punje moja ya mchele. Nikainua mashine kwa vifuniko vinne vya soda ili hewa ipite chini. Nikaweka na kiprogramu kinachoonyesha joto la chipu kwenye pembe ya kioo, namba ndogo ya njano. Jumapili nikamwita mpwa. Watu wale wale, na jirani, safari hii bila ungo wa kisingizio.

Dakika ya 55 nikafunga. Moja bila. Namba ya njano inasoma 86, pangaboi linazunguka juu yetu, maisha mazuri. Nikasubiri mpwa aje kwa kasi kutafuta bao. Hakuja. Akampa kipa wake. Kipa akampa beki. Beki akamrudishia kipa.

"Cheza mpira," nikamwambia.

"Nacheza, Anko," akasema, na ndipo nikaona macho yake hayako kwenye mpira. Yako pembeni ya kioo. 89. Kipa, beki, kipa. Dakika ya 70. 91. Nikatuma washambuliaji wote wakamkabe, na kadiri walivyokimbia ndivyo namba ilivyopanda.

Shemeji akainuka taratibu kwenye kochi, akajikunyata, akasema ndani humu kuna baridi, akazima pangaboi.